Benki Ndani ya Koti

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeshinda. Mama Pacha amekubali niende ng'ambo mimi mwenyewe kununua mashine ya kudarizi. Shule ya jirani imetupa oda ya nembo za masweta, na mwalimu mkuu amesema kazi isipoanza mwisho wa mwezi anawapelekea wale washonaji wa ghorofani. Wale! Hata kola hawajui kulaza. Mama Pacha ameikusanya fedha ya mashine gauni kwa gauni, tangu pacha wetu wanatambaa, na yote iko kwenye akaunti ya duka. Safari hii si mchezo.

Ila kuna nuksi. Lazima niende na kaka yake. Shemeji ni mhasibu wa kiwanda cha sabuni. Aliwahi kusafiri nje mara moja, kwa semina, na tangu hapo anaongea kama rubani. Leo amekalia meza yangu ya kukatia akanifundisha namna ya kulipa ugenini. Lipa kwa kadi. Waarifu benki kabla hujaondoka, wasije wakadhani umeibiwa. Beba noti chache za dharura, na usiziweke zote mahali pamoja. Kimashine kikikuuliza ulipe kwa fedha ya kwenu au ya kwao, chagua ya kwao, maana ukichagua ya kwenu wanakukadiria wapendavyo. Nikaitikia kila neno huku napiga pasi suruali ya mteja.

Hakutaja kwamba benki inakata ada kila ukitumia kadi nje ya nchi. Bandu bandu huisha gogo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nina mpango.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Asubuhi nimetoa fedha yote benki. Yote. Dada wa dirishani aliniuliza tena kama nina hakika. Nikamwambia fundi hupima mara mbili nyumbani, akifika kazini anakata tu. Kisha nikapita kwa mbadilisha fedha wa karibu na stendi, ambaye bei yake ni tamu kuliko ya benki. Kile nilichookoa kitanunua saa ya mkono kule kule. Yangu mimi. Hakuna atakayejua.

Mama Pacha alipokwenda kununua vifungo, nikafumua bitana ya koti langu la sufu, nikapanga noti kuanzia kwapani hadi kwenye pindo, nikashona. Uzi ule wa kushonea viti vya magari, tena mara mbili, mshono wa kuficha. Nikapiga pasi. Nasema bila majivuno kwamba sijawahi kushona kitu kizuri kama kile. Nililipapasa koti zima na hata mimi sikuona pa kuanzia kufumua.

Kadi nimeiacha kwenye pochi, tupu, kwa ajili ya heshima.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Uwanja wa ndege. Askari amenichukulia mkasi na kifumulio. Nilijaribu kumweleza kwamba fundi bila mkasi ni sawa na mpishi bila mwiko. Akasema mpishi naye angemnyang'anya kisu. Akapapasa koti, akasema mbona linakwaruza. Nikamwambia ni wanga wa pasi. Shemeji alikuwa anatazama ukutani, anajifanya hanijui.

Ndani ya ndege joto lilinipika. Sikuvua koti. Shemeji akauliza kama nina homa. Nikasema mwanamume nadhifu havui koti mbele za watu. Akamwita mhudumu aniletee maji, nikanywa yote.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mji huu hautaki noti! Basi, kadi. Chai, kadi. Hata mzee anayeuza miavuli kando ya njia ana kimashine shingoni. Shemeji amelipa kila kitu na kadi yake, na kila akilipa anatabasamu kidogo, upande mmoja. Mchana nikatangaza kwamba chakula cha jioni juu yangu. Nilitaka kuwaona hao wanaokataa noti mpya.

Nikajifungia chumbani hotelini nifumue pindo. Vidole, wapi. Ufunguo, wapi. Meno, nusura niache moja kwenye sufu. Uzi wa viti vya magari si mchezo. Nikashuka mapokezi nikamwomba dada mkasi. Akanipa wa plastiki, wa watoto wa chekechea, usiokata hata siagi. Nikarudi nao juu nikahangaika hadi jasho likanitoka, na mshono haukushtuka. Kwa kweli niliuonea fahari.

Chakula cha jioni amelipa Shemeji. Nilimwambia tumbo limenivuruga na sikuagiza kitu. Nimelala na njaa na koti langu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Tumefika duka la mashine mapema. Mashine ipo, moja tu, nyeupe, inadarizi maua kama inapumua. Muuzaji, mwanamume mpole mwenye miwani, alisema kuna mteja mwingine anaitaka na atakuja saa sita. Nikasema naichukua, nalipa taslimu. Akasikitika. Duka halipokei taslimu.

Shemeji akasema basi toa kadi. Nikaitoa, ningefanyaje. Kimashine kikalia vibaya. Nikajaribu tena, kikalia vile vile. Shemeji akauliza kama niliwaarifu benki. Hapo nikaona mlango wa kutokea, nikajipiga kofi la paji la uso, nikasema nimesahau, jamani, kichwa changu. Nilidhani yameisha. Kumbe Shemeji ameshampigia simu dada yake akimbie benki akafungue kadi.

Tukasubiri. Nilihesabu bobini zote za dukani. Simu ikalia. Shemeji akasikiliza, akanitazama, akasikiliza tena, halafu akanipa simu.

Mama Pacha alikuwa anahema. Benki wamemwambia akaunti haina kitu, fedha ameitoa mumewe mwenyewe, Jumanne, na saini hii hapa. Alisema alipoambiwa tupu aliketi chini palepale, mbele ya foleni. Aliniuliza swali moja tu, fedha iko wapi.

Nikamwambia nimeivaa.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Nikasikia watu wa benki wanaongea nyuma yake, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niharibu suti ya bwana harusi. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba oda ni ya mwisho wa mwezi, akakata simu.

Mficha uchi hazai. Nikavua koti. Muuzaji, ambaye anauza mikasi ukuta mzima, akachagua mkubwa na kunifumulia mbele ya wateja wote. Alisema hajawahi kuona mshono imara namna ile. Nilimshukuru.

Shemeji akatoa kadi yake. Mle ndani ana fedha ya kuezekea nyumba, na mvua ziko njiani. Alisema atalipia mashine, achukue noti zangu, akazibadilishe nyumbani, na hasara ya kubadilisha itakuwa juu yangu. Nikakubali. Akaanza kuhesabu noti juu ya kaunta, moja moja, analamba kidole. Muuzaji akanisogezea mimi kimashine kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu. Pale kwenye kioo kukatokea bendera mbili, ya kwao na yetu. Ile yetu! Siku zote hizi ugenini, njaa, aibu, halafu kabendera ketu kananitazama. Nikaibonyeza. Shemeji akaja akaweka namba ya siri bila kutazama, asije akapoteza hesabu.

Risiti ilipotoka aliisoma kwa muda mrefu. Kisha akaketi juu ya boksi la mashine akaniuliza, taratibu, Jumatatu alikuwa anaongea na nani. Hasara hiyo nayo ni juu yangu: saa ya mkono imekwenda, na ada za benki za mwaka mzima zimekwenda nayo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema. Yeye si mkuu wangu, nimemzidi umri.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nyumbani. Mashine imefika salama. Pacha wameikumbatia. Mama Pacha ameiwasha, akadarizi nembo ya kwanza, akaifuta kwa kiganja, machozi yakamlengalenga. Kisha akamshukuru kaka yake. Mimi akaniambia chakula kiko mezani.

Kadi ya duka ameichukua. Ufunguo wa droo ya mauzo sasa anauvaa shingoni. Mimi nimepewa pasi. Nimejaribu kumweleza kwamba mpango ulikuwa mzuri na kilichoniponza ni uzi. Akasema vema, nipige pasi.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Hali imegeuka. Leo amekuja seremala wa jirani. Anasafiri mwezi ujao kununua randa ya umeme, na amesikia mtaani kwamba mimi nimetoka huko, ninajua mambo ya malipo. Anataka ushauri. Mimi! Nikafunga mlango wa nyuma tukaongea kitaalamu.

Nilimwambia aachane na kadi, zinalia vibaya. Nikamwambia kosa langu lilikuwa kitambaa. Kitambaa kinakwaruza, kinakutoa jasho, kinahitaji mkasi. Yeye ni mtu wa mbao. Achonge kigoda chenye mguu ulio wazi ndani, apange noti zote ndani, azibe kwa gundi na misumari, apige vanishi. Nani atamkagua mtu na kigoda chake? Na kimashine kikimuuliza, achague bendera yetu. Mtu ni kwao.

Aliniangalia kwa heshima ambayo sijaiona nyumbani siku nyingi. Akanilipa ada ya ushauri papo hapo.

Alipotoka, Mama Pacha akauliza seremala alitaka nini. Nikasema amekuja kupimwa suruali. Akauliza vipimo viko wapi. Nikamwambia nimeviweka mahali salama.