Taa za Madam Zilizokataa Kuzimika

Marafiki, leo jina langu limeanguka chini, puu! Na mashahidi walikuwepo.

Mimi ni fundi wa waya za magari hapa Homa Bay. Saa tano asubuhi, jua la kukausha dagaa wa omena, Madam Akinyi aliingia gereji. Ni mwalimu, na gari lake halina hata mwezi tangu litoke Mombasa. Kando yake ameketi mama mkwe wake wa Kendu Bay. Wanangojewa Rusinga, harusini, na mama ndiye wa kuwaombea maharusi.

Taa kubwa zinawaka kama wanaingia pangoni.

"Tangu Kendu kila dereva ananimulikia," Madam akasema. "Na swichi haina mahali pa kuzima. Ni kuwasha ama otomatiki, basi."

"Hiyo ni rilei," nikajibu kabla hajamaliza. (Huo ndio ugonjwa wangu.)

Mafundi wenzangu wakasogea. Nikapata wanafunzi! Nikawaeleza kwamba kuna taa za mchana, zile hafifu, zinazowaka injini ikiwaka ili uonekane barabarani. Hizi si zile. Hizi ni taa za usiku, na rilei inayozipelekea umeme imeganda.

Nikabadilisha rilei. Taa zikawaka vilevile.

Nikachomoa fyuzi. Zikazimika! Nikainua mikono juu. Nikarudisha fyuzi. Zikawaka. (Kuchomoa fyuzi si kutengeneza gari. Hata mimi najua.)

Nikafungua chini ya usukani, nikavuta waya nje kama matumbo ya mbuzi. Mama alikataa kushuka. Mbele yake, juu ya dashibodi, alikuwa ametandika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, zawadi kwa Madam. Nilikuwa nimekisifu.

Saa saba kasoro, simu ikalia.

"Mama, bibi harusi ameshafika kanisani," Madam akasema. Kisha akaniangalia mimi.

"Kompyuta ya gari imekufa," nikatangaza. "Labda mlipeleke Kisumu."

Mama akachukua kile kitambaa, akajipangusa jasho. Sekunde chache tu, pap! Taa zikazimika.

Akakirudisha. Zikawaka. Akakitoa. Zikazimika.

"Nyathina, mwanangu," akaniuliza polepole, "kwani hii gari inaonea hapa?"

Inaonea hapo hapo. Kuna kidude cheusi kama kifungo cha shati, karibu na kioo cha mbele, kinachopima mwanga. Ukikifunika, gari linadhani giza limeingia, linawasha taa. Kwa karibu saa mbili nimetibu gari zima!

Ikabidi wangoje nirudishe waya zote nilizong'oa. Nilipomaliza, mama akanishika kichwa, akaniombea kwa sauti, Mungu anifungue macho.

Mafundi wenzangu wakaitikia "Amina!" kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia Jumapili yoyote.

Atakayecheka, gari lake likiharibika asinipigie.