Kocha wa Pole Hatufai

Ndugu Mwenyekiti, Mzee wetu wa Mstari wa Mbele,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri, na ule mpira uliotoka nje ukaja kukumwagia chai haukukuachia alama. Mimi ni yule binti wa kipaza sauti, meza ya pembeni, ninayetangaza majina na pointi timu yetu ya kikapu ikicheza. Kazi hii hakunifundisha mtu. Nilianzia kwenye spika ya duka la viatu, "ingia peku, toka umevaa", siku moja mtangazaji wenu akakauka koo, nikaitwa, na sijatoka mpaka leo.

Nimesikia Jumamosi kamati inakaa kuamua kama kocha wetu aongezewe mkataba au afungashiwe virago. Nimesikia pia kwamba kamati imepasuka katikati na kura ya kuamua ni yako. Basi naandika kukuomba, kwa heshima na taadhima, umfukuze. Sababu ninazo, na nimezipa namba ili zisije zikapigana vikumbo mlangoni.

Usidhani naingilia yasiyonihusu. Yule Kiberiti wenu, mdunda mpira, jezi namba saba, ni mdogo wangu tumbo moja. Tunalala chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia. Kocha akimharibu, mimi ndiye ninayelala na maharibiko.

1. Kocha huyu anatoa pole.

Mchezaji akikosa kikapu: "Pole." Akinyang'anywa mpira mchana kweupe: "Pole." Mzee wangu, pole ni ya mgonjwa, ya mfiwa, ya aliyejikwaa, ya mtu aliyetoka safari na mabegi. Tangu lini ikawa ya mtu aliyepiga pasi ikaenda moja kwa moja kwa muuza maji? Yule kocha aliyepita, tuliyemwita Radi, alikuwa anarusha viti. Tulikuwa tunafungwa, sikatai, lakini tulikuwa tunafungwa kwa kishindo, mtu ukirudi nyumbani unajua kweli umetoka mchezoni. Huyu akishasema "Pole" anaongeza neno moja tu: "Unaofuata." Yaani mpira unaofuata. Basi, imeisha hiyo. Hakuna matusi, hakuna hotuba, hakuna kiti hewani. Sisi wa meza ya pembeni tumeshasahau hata kuinama.

2. Pole yake imetufungisha mechi.

Hapa nisikilize vizuri maana watu wamepotosha. Tulikuwa tunacheza na wale Wajomba, timu ya wazee watupu wanaojua kila ujanja. Dakika ya mwisho, tunaongoza kwa pointi moja. Mlingoti, yule mrefu wetu, akakosa mitupo huru yote miwili. Mpira ukarudi mikononi mwa Kiberiti, Mlingoti akapita mbele ya meza yangu uso umemshuka, kocha akamsogelea hapo hapo ampe pole yake. Akadhani kelele zimeimeza. Akairudia. Sasa ile ya kwanza na ile ya pili zote zilipita kwenye kipaza sauti changu, ambacho kilikuwa wazi, na kwa nini kilikuwa wazi si mada ya barua hii.

Ukumbi mzima ukasikia: "Pole. Pole."

Na wale watoto, Mzee, ni watiifu kupita kiasi, wakaelewa polepole! Wote watano wakapunguza mwendo kwa pamoja kama wamekatiwa umeme. Kiberiti akawa anadunda mpira kama anambembeleza mtoto alale. Mlingoti akaanza kutembea kwa vidole. Jukwaani mtu akapiga kelele, "Jamani, mmebeba mayai?" Mwingine akamjibu, "Waache, wanatafuta sindano!" Saa ya kurushia ikaisha kabla mtu hajatupa kikapuni, honi ikalia, Wajomba wakapewa mpira, wakafunga. Nikatangaza mwenyewe pointi zao.

Na baada ya hapo kocha alifanya nini? Badala ya kunifokea kama binadamu, alikuja na kipande cha plasta, akakibandika kando ya swichi yangu, kimeandikwa ZIMA. Nikakibandua alipogeuka tu. Mtu aliyelelewa na spika hafundishwi swichi.

3. Wachezaji hawaogopi tena.

Zamani Kiberiti akifungwa tulijua. Ndoo ilipigwa teke, mlango ulibamizwa, chakula hakiliwi. Sahani yake nilikuwa naila mimi, na sioni aibu kusema kwamba msimu ule tuliopigwa mfululizo nilinenepa vizuri sana. Leo anafungwa kwa pointi thelathini, anarudi, anaoga huku anaimba! Anakula, anasafisha sahani, anavuta pazia, analala. Mimi ndiye ninayekesha kwa uchungu wa timu, yeye mwenye timu anakoroma. Hicho ni kiberiti gani, Mzee? Hicho kimelowa.

4. Ugonjwa umeingia nyumbani kwetu.

Mama yetu ni mwanamke wa sauti. Sauti yake ndiyo saa ya mtaa, majirani wanaamkia hapo. Juzi akaunguza maharage, akashika kiuno, akavuta pumzi aanze kutugawia lawama mmoja mmoja kama kawaida. Kiberiti akamwahi: "Pole, mama. Sufuria inayofuata."

Mama akaachia kiuno. Akakaa kwenye kigoda. Halafu akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho na kitambaa cha kupangusia vyombo, akasema, "Haya nani kamfundisha huyu?" Tangu siku hiyo hafoki. Mtaa mzima unachelewa kazini. Mimi mwenyewe nimechelewa dukani, na nilipofika, mteja akaniambia kiatu kinambana, nikasikia mdomo wangu unasema, "Pole, dada. Kinachofuata." Akanunua jozi mbili. Nimeuza, ndiyo, lakini si kwa njia niliyojifunza kwa jasho langu. Unaona neno linavyosambaa? Linabadilika kila linapofika, unaofuata, inayofuata, kinachofuata, hakuna kitu kwenye lugha hii kitakachopona.

5. Hii inakuhusu wewe, Mzee wangu, na naomba uisome umekaa.

Tangu niko shule ya msingi unatuambia timu inajengwa upya. Ni neno zuri. Limetutunza. Nyumba inayojengwa haidaiwi paa, na fundi aliye juu ya ngazi haulizwi mlango uko wapi. Mliwauza wachezaji wote wenye ndevu, mkatuletea watoto ambao mama zao bado wanapiga simu kuuliza kama wamekula, tukasema sawa, tunajenga. Tukafungwa, tunajenga. Paa la ukumbi likavuja chini ya kikapu cha upande wa geti, tukaweka beseni, tukajifunza kulizunguka, tunajenga.

Sasa umeleta mtu ambaye, nakuambia kwa nia njema, anataka kumaliza ujenzi. Ishara ziko wazi. Mchoyo ametoa pasi! Mchoyo, ambaye akiwa na mpira hata ukuta haupati, alimwona Kiberiti yuko peke yake akampa, kwa hiari, bila kutishwa. Mimi kwa mshtuko nikatangaza jina la mtu mwingine. Mlingoti siku hizi akikosa mtupo hashiki kichwa, anakimbia kurudi kulinda. Wale Wajomba waliporudi tuliwafunga, na waliondoka wanaulizana, "Hawa si wale wa mayai?"

Timu ikishajengeka watu wataomba kombe. Wakipata kombe wataomba ukumbi usiovuja. Wakipata ukumbi watauliza ile miaka yote mlikuwa mnajenga nini. Ukimbakiza huyu, mwakani utasimama mbele ya kipaza sauti changu useme neno gani? Mimi nakufikiria wewe tu.

6. Baada ya mechi anakunja viti mwenyewe. Hili silielezi, linajieleza.

7. Anauliza.

Nilidhani nimemaliza lakini hili linanikera kuliko yote. Kocha anatakiwa ajue. Radi alikuwa anajua kila kitu, hata alipokosea alikuwa anajua. Huyu anamwita mtoto wa miaka kumi na tisa kando ya uwanja anamuuliza, "Wewe uliona nini?" Na mtoto anajibu! Na yeye anaitikia kwa kichwa, anasikiliza, wakati mwingine anasema, "Hilo mimi sikuliona." Mbele ya watu! Sasa Kiberiti akirudi nyumbani ananiuliza na mimi niliona nini kutoka pale mezani, nami namweleza, tunabishana kupitia pazia mpaka mama anagonga ukuta. Miaka yote tumelala chumba kimoja tulikuwa hatuongei. Nani alimwomba?

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ombi langu ni fupi. Timu changa inataka kocha mwenye sauti, mwenye filimbi, mwenye kiti karibu. Mtafuteni Radi kama bado mkono wake una nguvu. Kama hapatikani, bosi wangu wa duka la viatu ana kaka yake anayefoka hata usingizini. Naye akikataa, msihangaike mbali, sauti mimi ninayo, na viti najua vinakokaa.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, katibu, mlinzi wa geti na redio yake, na wajumbe wote wa kamati, pamoja na wale wanaosinzia robo ya tatu, waambie nawaona.

Wako katika kufunga na kufungwa, hasa kufungwa,
Binti wa Kipaza Sauti,
Meza ya pembeni.

N.B. Mzee, usiifunge kwanza.

Barua ni kama kiatu, lazima uijaribu kabla haijatoka dukani. Leo nimekuja ukumbini mapema kabla ya mazoezi, nikakaa mezani kwangu, nikaisoma yote kwa sauti kusikia kama inabana. Nimeisoma kwa hisia. Kwenye namba tano nilisimama.

Kipaza sauti kilikuwa wazi.

Kile kipande cha plasta, unakumbuka, nilikibandua mwenyewe. Nilipofika "hasa kufungwa" nikasikia paa linanirudishia "kufungwa, kufungwa", na hapo ndipo nikaelewa. Watoto walikuwa chumba cha kubadilishia nguo, chini kabisa ya ile spika kubwa. Mlingoti akachungulia mlangoni kwa juu, Mchoyo kwa chini. Kiberiti akatoka kiatu mguu mmoja, macho yamewaka, kiberiti kikavu kabisa, akapaza: "Dada! Wewe! Unamchomea kocha utambi?" Nikajua leo meza inapigwa teke.

Na kocha alikuwemo. Alikuwa mwisho wa uwanja, upande wa geti, anadeki maji yaliyovuja wasiteleze. Alisikia kuanzia shikamoo. Akamwambia Kiberiti neno moja, "Unaofuata," na mdogo wangu, Mzee, akazimika, akakaa chini akavaa kiatu cha pili.

Halafu kocha akaja kwangu, uwanja wote ule, taratibu, na tambara la kudekia mkononi. Nilikuwa nasubiri kiti. Nakwambia ukweli, nilikuwa nakitamani. Akafika, akanyoosha kidole akazima swichi, akasema, "Pole."

Moja tu. Nilisubiri ya pili, haikuja.

Akauliza kama kuna kingine nilichoona ambacho sikukiandika. Nikageuza karatasi nimwonyeshe nyuma ni tupu. Akasema namba mbili ni ya kweli, kwamba kuanzia leo mtu asiposikia pole yake atampigapiga bega, hatairudia. Akasema pia namba tano ingekuja kwanza. Kisha akasema anapita ofisini kwenu kurudisha ufunguo wa stoo, barua ataipeleka yeye, maana malalamiko yakishaandikwa yana haki ya kufika. Nikamwomba aningoje niongeze mistari hii. Anangoja. Ameshika bahasha, amegeukia ukuta ili asionekane anachungulia.

Kwa hiyo huyo aliyekukabidhi barua hii ndiye yeye. Usiinue macho haraka. Bila shaka amesimama, maana haketi mpaka aambiwe. Hajui umefikia mstari gani, na Jumamosi ni keshokutwa.

Watoto hawajaanza mazoezi. Wamekaa sakafuni, wananitazama mimi na ile bahasha, na Mchoyo amenisukumia chupa yake ya maji bila kuombwa. Nimejaribu kumwambia kocha pole na mimi. Ilitoka moja, ndogo. Akajibu akiwa vilevile amegeukia ukuta, "Inayofuata." Barua, nadhani alimaanisha. Lakini inayofuata naiandikaje, wakati hii bado iko mkononi mwangu, na nikiichana atajua nimeogopa, na nikimpa ataifikisha salama kabisa hadi mezani kwako?

Mzee wangu wa Mstari wa Mbele, kura unayo wewe. Ungekuwa mimi, umeshika kalamu hii, na yeye amekushikia bahasha, ungefanyaje?