Nilivyowauliza Ndege Kuhusu Posa Yangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya wakwe. Wakwe watarajiwa, niseme, maana sijui kama bado wananitaka.

Tumetoka Uriri alfajiri, tukavuka ziwa kwa boti hadi Mfangano, kwa kina Atieno, mchumba wangu. Mambo ya posa. Njiani baba mdogo, msemaji wetu, akanionya: "Kijana, leo kazi yako ni kula na kunyamaza." Nikakubali. (Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Kunyamaza sikusomea.)

Tukapokelewa vizuri, meza zimepangwa nje uani. Kuku akaletwa. Baba Atieno akawekewa firigisi, heshima ya mwenye boma. Baba mdogo akasimama kusalimia: "On this auspicious occasion..."

Hapo ndipo shetani akanipitia. Nikasimama.

"Samahani, baba. Mnajua asili ya hilo neno auspicious?"

Atieno akanikazia macho. Mimi huyo, naendelea! Nikawaeleza kwamba hilo neno, yaani "lenye heri", limetoka kwa Kilatini, na mzizi wake ni kutazama ndege. Warumi wa kale hawakuanza jambo kubwa kabla ya kuangalia ndege wanavyoruka. Wakiruka vizuri, basi jambo lina heri, endeleeni.

"Hebu sote tuangalie juu," nikasema, "tuone kama ndoa hii ina heri."

Yawa! Watu wazima wote wakainua vichwa, mzee naye akainua. (Nani alinituma?) Tunatafuta ndege mawinguni, kumbe mwewe ametua kwa paa la jikoni, nyuma yetu, anapiga hesabu zake. Nikasikia vuuu! Kutahamaki, firigisi ya mzee inapaa kuelekea ziwani.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akasema "Ayaye," polepole, kama yuko matangani. Baba mdogo akajifunika uso kwa kofia.

Mzee akatazama sahani. Kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, hao Warumi wako, ndege akibeba nyama ya baba mkwe, walikuwa wanasema maana yake nini?"

Nikakosa Kiingereza. Nikakosa na Kiswahili.

"Basi," akasema, akimgeukia baba mdogo, "posa tutaizungumza siku nyingine. Mje na kuku. Na huyu mumwache Uriri."

Sasa tuko kwa boti tunarudi, na hakuna anayenisemesha. Mkitaka kucheka, chekeni, lakini atakayetuma picha ya mwewe kwa hii grupu namtoa. Mimi ndiye admini.