Paneli ya Jua: Si Nyumba, Si Gari

Jamani, leo mtaa wetu wote wa Panda umeona shimizi langu.

Ndiyo, lile jekundu. La harusi. Nawaeleza mwenyewe, ninyi wenzangu wa korali, kabla hamjasikia kwa Mama Tshala wa pale bombani, maana yeye akisimulia atasema nilikuwa nimelivaa.

Hali mnaijua. Waya za barabara yetu zilikatwa na wezi, transfoma ikafuata kuungua, na umeme wa bwawa la Mwadingusha sasa unapita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa watu wengine. Béa wangu anafanya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hivi karibuni. Mafuta ya taa ni shida kuyapata, na ukiyapata yanatoa moshi zaidi kuliko mwanga. Basi mapadri waliofunga misheni yao ya porini walipotuachia paneli moja ya jua na betri yake (nimefundisha katekisimu miaka mingi, hata kengele ya kanisa ningestahili), niliapa kwamba mwanangu atasoma usiku. Habari ikaenea. Sasa mezani kwangu wanabanana wanafunzi wanane, na mmoja anakalia ndoo.

Shida ilikuwa paa.

Mume wangu, Baba Béa, alipanda juu na nyundo yake. Alikuwa hajapiga hata msumari wa pili, Monsieur Mulunda wa ofisi ya urbanisme akasimama getini. Huyu ndiye anayeamua nini kijengwe wapi. Siku hizi hakuna anayejenga chochote, kwa hiyo ana nafasi ya kutosha ya kutuangalia sisi.

"Papa, shuka!" alisema. "Hapa ni zone ya nyumba ya bafanyakazi. Kila kintu chenye kutoa courant ya umeme, sheria, loi, inakiita usine. Na usine inajengwaka mu zone industrielle."

"Usine? Kiwanda?" nikamwambia. "Monsieur Mulunda, hii iko kidogo kuliko meza yangu!"

"Loi haipimaka na meza, Maman."

Nikamuuliza, hiyo zone industrielle si ndiyo kule ambako viwanda vimenyamaza hata mbwa wamehama? Akasema ndiyo, lakini bado ni zone. Nikamuuliza kibali kinatoka wapi.

"Lubumbashi."

"Na batanipatia mbio mbio?"

"Eh, Maman. Muhuri waliiba wakati ya pillage, watu walipopora kila kintu."

Mimi sikati tamaa upesi. (Baba Béa anasema sikati tamaa kabisa, na hasemi kwa kunisifu.) Nikamwomba Monsieur Mulunda anieleze vizuri: kinachokatazwa ni nini hasa? Akanieleza: kujenga. Kitu kikifungwa mahali pamoja kisitoke, hicho kimejengwa, kinaomba kibali. Basi! Kisichofungwa hakijajengwa. Jioni ile ile Baba Béa aliazima pusupusu ya kaka yake, lile gari la kusukuma kwa mikono ambalo zamani lilibeba makaa. Tukalaza mbao juu yake, paneli juu ya mbao, tukafunga kwa kamba. Mbao zilikuwa ndefu kidogo zikatokeza nyuma, hatukujali. Asubuhi naisukuma kwenye jua, mchana naigeuza, waya inaingia dirishani hadi kwenye betri. Monsieur Mulunda aliporudi nilimzungushia uwanja mzima.

"Unaona? Inatembea! Nyumba inatembeaka?"

Akajikuna shingo akaenda zake. Usiku ule niliimba sauti ya kwanza na ya pili peke yangu.

Furaha haikukaa. Wiki iliyofuata alikuja mwingine, Monsieur Kabwe, wa ofisi ya barabara. Huyu anatembea na filimbi shingoni hata pale ambapo hakuna gari.

"Maman, nasikia muko na véhicule, gari ya bila plaque ya namba."

Bahati yangu nilimwona tangu kona. Nilikuwa nimeshaweka tofali mbele ya kila gurudumu, na kamba ya kuanikia nguo nimeivuta toka kwenye mpera nikaifunga kwenye mkono wa pusupusu, nguo zikaning'inia.

"Véhicule gani, Monsieur Kabwe? Hii ni fasi ya kuanikia nguo. Haitembei hata kidogo. Toka Noeli iko pale pale."

(Hilo nitaliungama. Msiniangalie hivyo.)

Akapiga gurudumu teke, halikusogea. Akaenda. Nikaiacha kamba pale pale, maana kusema kweli nguo zilikauka vizuri.

Sasa ndiyo leo.

Leo Jumamosi. Nimekaa uwanjani, jirani yangu Mama Ngalula ananisuka. Upande mmoja umekwisha, upande wa pili umesimama wote kama umesikia habari mbaya. Nguo nimefua, ziko kambani: shuka, ovaroli ya Baba Béa, na mwishoni kabisa, karibu na pusupusu, shimizi langu. Geti linafunguka. Anaingia Monsieur Mulunda. Nyuma yake Monsieur Kabwe. Wote wawili! Kumbe walikutana kwenye pombe ya munkoyo, wakaanza kusimuliana habari za kazi, na habari za kazi zilikuwa mimi.

"Maman Béa," akasema Mulunda, "miye uliniambia inatembea."

"Miye uliniambia haitembei," akasema Kabwe.

Wakaangaliana. Kisha wakaniangalia mimi. Mama Ngalula akaachia nywele zangu akarudi nyuma hatua moja. Rafiki gani huyo?

Nikajikaza. "Asubuhi inatembea. Saa sita ya midi inasimama."

"Ikisimama ni usine," akasema Mulunda.

"Ikitembea ni gari," akasema Kabwe.

"Na ikilala?" akauliza Baba Béa kutoka jikoni. (Nani alimuuliza?)

Kabwe akakunja mikono. "Tunaipeleka ku ofisi ya komini. Yote. Na betri yake."

Mnajua stoo ya komini. Kitu kikiingia mule hakitoki, na kikitoka kinakuwa kitu kingine. Na mtihani umefika mlangoni. Nikawaona wale wanane, kila mmoja na daftari lake, gizani. Hasira ikanipanda. Nikasema, leo hata kama nitalala mbele ya magurudumu, paneli hii haiendi popote.

"Hamutaipeleka!" nikapiga kelele. "Kwanza haitembei! Munaona matofali? Miye nasukuma na nguvu yangu yote, muone kama itatoka!"

Nikaisukuma na nguvu zangu zote.

Matofali hayakuwepo. Baba Béa alikuwa ameyachukua asubuhi kuweka chini ya sufuria ya bukari, ule ugali wetu.

Pusupusu ikaondoka. Kwanza polepole, kwa adabu, kama mtu anayekwenda kupokea komunyo. Waya ikachomoka dirishani. Kamba ikakatika kwenye mpera. Mbele geti liko wazi (walioliacha wazi ni wao wawili, liandikwe hilo), na nyie mnajua barabara yetu inavyoteremka toka kwetu mpaka komini. Ikatoka getini na mbio, na nguo zangu zote nyuma.

Nikaifuata. Kandambili moja ilibaki uwanjani. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu inapepea. Nyuma yangu Kabwe anapiga filimbi, prrr! prrr!, kana kwamba pusupusu itasikia, itasimama, itaonyesha karatasi. Nyuma yake Mulunda. Nyuma yao watoto wote wa Panda.

Shuka likabaki kwenye uzio wa jirani. Ovaroli ikabaki kwenye mfereji, mikono juu. Wazee wanaocheza dama kwa vizibo vya chupa wakainua ubao wao bila kumwaga kizibo hata kimoja, wakaipisha, wakaushusha, wakaendelea. Shimizi peke yake halikuachia. Lilikuwa limefungwa vizuri, nililifunga mwenyewe. Likapita bombani mbele ya foleni ya wanawake wote wenye ndoo, linapepea.

"Mama Béa!" Tshala akaita. "Ni procession gani ya kanisa?"

Sikumjibu. Nilikuwa naomba. Yesu, vunja mguu wangu, usivunje kioo.

Mbele ya komini pana lundo la mchanga uliomwagwa ili kuziba mashimo ya barabara, na mashimo bado yanaungoja. Mungu ambariki aliyeusahau. Pusupusu ikaingia katika mchanga mpaka nusu ya magurudumu, ikatulia. Nikaiangukia. Nikapapasa paneli kona kwa kona, nzima, nzima, nzima. Nikalia. Sioni haya kusema, nililia kama mtoto.

Nilipoinua kichwa, Bourgmestre mwenyewe, mkuu wa komini, alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi, kalamu mkononi.

"Ile ni nini?"

"Usine!" akasema Mulunda, anahema.

"Gari!" akasema Kabwe, anahema zaidi.

"Sikuuliza ninyi. Maman, ile ni nini?"

Watu wamejaa. Wote wameiona ikishuka. Jamani, hata mimi uongo wangu una mwisho.

"Monsieur le Bourgmestre, muandike gari. Usine haiwezi kukimbia vile. Na kama ni gari haiko mu mambo ya zone, inaweza kulala mu kiwanja ya parcelle yangu. Muniandikie kila kintu munataka, lakini leo irudi kwetu kabla ya jua kuingia. Iko batoto banane, bananingojea na bitabu."

Bourgmestre akamgeukia Kabwe. "Gari inaomba nini?"

Kabwe akajinyoosha. Nadhani hakuna aliyemuuliza swali hilo muda mrefu. "Plaque. Kengele. Frein ya kusimamisha. Na taa."

"Taa!" nikaruka. "Monsieur Kabwe, mu Likasi yote, ni gari gani ingine inajitengenezeaka mwangaza yake yenyewe?"

Watu wakapiga makofi. Hata Bourgmestre aliuma mdomo wake asicheke. Nikajiona nimeshinda. Nikanyoosha kitenge, nikashika mkono wa pusupusu niondoke na heshima yangu yote.

"Ngoja, Maman," akasema Kabwe. Anaangalia zile mbao. "Mizigo yako inapita nyuma. Ikipita nyuma, loi inaomba kitambaa nyekundu."

Nikavuta mkono wa pusupusu haraka.

Halafu sekretari wa komini, kijana mwenye shati jeupe, akainama, akavuta kitu kilichojikunja kwenye gurudumu. Akakikung'uta mchanga. Akakiinua kwa mikono miwili, juu, watu wa nyuma nao waone.

"Kitambaa nyekundu iko, Shefu."

"Ile ni rido," nikasema haraka. "Rido, pazia ya dirisha."

Ndipo akafika Baba Béa. Alikuwa amekimbia njia nzima na tofali moja mkononi, sijui kwa nini. Akaliona. Uso ukamng'aa.

"Mama Béa! Shimizi yako ya ndoa! Haikupasuka, Mungu iko muzuri!"

Sitawaeleza kicheko kile. Kilianzia kwenye ngazi kikaenda mpaka bombani kikarudi. Bourgmestre aliangalia mawingu, kwa heshima. Kabwe hakucheka, kazi ni kazi: alilichukua shimizi langu, akalifunga kwenye mbao za nyuma, mafundo mawili, akarudi hatua chache kuona kama linaonekana kwa mbali. Linaonekana.

Kisha akaingia ofisini akatoka na plaka ya baiskeli iliyopata kutu na kengele isiyo na mwenyewe. Nikaanza kumweleza kwamba sina cha kulipia, mshahara wa mwalimu wa katekisimu anaujua. Akanikatiza, akainama sikioni pangu.

"Maman, pale ku meza yenu iko fasi moja? Mutoto yangu mukubwa iko finaliste, naye anafanya Examen."

Mulunda akakohoa kando. "Wangu pia. Atakuya na kiti yake."

Nikawaangalia wote wawili, nywele nusu, kandambili moja.

"Bakuye," nikasema. "Lakini baba zao banisaidie kusukuma. Ni mulima."

Wakasukuma, urbanisme kushoto, barabara kulia, na mimi mbele nikipiga kengele. Tulifika jua likiwa bado juu ya miti, betri ikanywa ilichoweza. Sasa hivi taa inawaka. Watoto ni kumi. Nawaandikia pembeni mwa meza yao, na Béa amenikataza kuguna.

Kilichobaki ni breki. Jumatatu natakiwa kuishusha tena komini waikague, kupitia bombani, na Baba Béa ameniambia kwa upole kwamba mbao bado ni ndefu. Kwa hiyo mkinikuta njiani, wapenzi wa Bwana, msicheke. Simameni kando, mpishe gari. Kitambaa chekundu ni sheria.