Vita vya Sufuria la Mwanakheri, Vilivyopiganwa Kibaha

Enyi watu wa Pwani, mlioolewa na mlioachika, mnaogombania urithi na msio na hata kijiko cha kugombania, sogeeni! Wekeni simu chini, tulizeni watoto, nipeni masikio nami niwape habari ya vita vilivyoitikisa nchi kutoka Kibaha hadi Kisarawe, ambavyo hakuna gazeti lililoviandika, kwa kuwa magazeti, kama mjuavyo, hushughulika na mambo madogo kama bajeti ya taifa.

Palikuwa na Mwanakheri binti Mwinyijuma, Mshinda Moshi, Malkia wa Mafiga Matatu, ambaye kwa miaka tisa aliwalisha pilau bodaboda na wasafiri wa kituo cha Soga kutoka katika sufuria moja, la kilo kumi na tano za mchele. Na palikuwa na mumewe, Hashiru wa Pazi, Simba wa Masijala, bingwa wa kuhamisha mafaili kutoka meza hii hadi meza ile, ambaye siku moja alitoa talaka, kisha akapumzika, maana kazi ilikuwa nzito. Mwanakheri akaenda kukaa eda kwa baba yake Kisarawe. Sufuria likabaki kwa Hashiru.

Eda ilipokwisha, wazee wa pande zote mbili wakaketi barazani Kibaha kugawa mali, chini ya Mzee Mwinyimadi, Kisima cha Busara, ambaye hajawahi kusinzia kikaoni zaidi ya mara mbili. Mali kubwa ziligawanywa upesi na kwa adabu. Nyumba? Ikabainika ni ya kaka yake Hashiru, tangu mwezi uliopita. Shamba la mikorosho Maneromango? Nalo lilikuwa limemkimbilia kaka huyohuyo, mtu mwenye bahati ya ajabu. Pikipiki haikujulikana iliko. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema dunia ina mambo, wakaendelea. Likabaki sufuria.

Hapo Hashiru akasimama, kwani alikuwa na mchumba Maneromango, na mchumba naye alitamani biashara ya kupikia watu shughulini.

"Wazee wangu, shikamooni! Mimi si mtu wa makuu. Nyumba nimekosa, shamba nimekosa, nami sikulalamika. Naomba sufuria hili tu, nililolinunua kwa jasho langu, nikaliandika jina langu chini kwa rangi siku ileile, miaka tisa iliyopita. Lipindueni mjionee!"

Likapinduliwa. Herufi H na P, nyekundu, ziling'aa kwenye kitako kilichosuguliwa kikatakata.

"Mwanangu Mwanakheri," akanguruma Mzee Mwinyimadi, "maandishi ni maandishi. Una la kusema?"

Bila sufuria lile hapakuwa na Soga, na bila Soga hapakuwa na kodi ya chumba wala chakula cha wanawe wawili. Mwanakheri akazitazama zile herufi, akainua uso.

"Shikamoo, mzee wangu. Sina hoja, nina aibu. Mmeketi tangu asubuhi bila hata kikombe cha chai, na hiyo ni fedheha ya nyumba, japokuwa nyumba si yangu wala, kama tulivyosikia, si ya Hashiru. Niruhusuni niwachemshie chai ya mwisho katika sufuria hilihili, kisha mhukumu mtakavyo."

Wazee wakaridhia kwa kauli moja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu asubuhi. Hashiru naye akaitikia, akakunja nne. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kosa la mtu aliyekula miaka tisa bila kuingia jikoni.

Moto ukawashwa uani. Kuni zikanguruma, ndimi za moto zikaizingira ngome ya adui kutoka pande zote, na harufu mbaya ikapanda hadi barazani. P ikavimba kwanza, ikapasuka, ikaanguka majivuni. H ikapigana kiume, kisha nayo ikaungua. Chai ikagawiwa, ikanyweka. Mwanakheri akalipindua sufuria tupu mbele ya wazee, na kitako kilikuwa cheusi tii.

"Wazee wangu! Rangi iliyokaa miaka tisa imeshindwa kukaa robo saa. Hakuna mwanamke wa huku anayeandika jina penye moto. Sisi huazimana vyombo misibani, na kila mmoja hugonga alama yake ukingoni kwa msumari. Yangu ni nukta tano. Dada Stellamaris, jirani yangu, wewe shahidi."

"Nukta tano ni za Mwanakheri huyu," akasema Stellamaris kutoka mlangoni. "Nilikuja kuliazima nilipomzika mama yangu. Shemeji Hashiru alikuwepo, akaniambia, 'Mwulize mwenyewe, mimi vya jikoni sivijui.'"

Mzee Mwinyimadi akapapasa ukingo kwa kidole. Zilikuwa tano.

"Sufuria ni la Mwanakheri," akatamka. "Lakini ili haki ionekane imetendeka pande zote mbili, Hashiru apewe mfuniko."

Hivyo Simba wa Masijala akapanda bodaboda kwenda Maneromango, mfuniko kifuani kama ngao, na mchumba akamuuliza sufuria liko wapi. Mwanakheri akajitwika lake kichwani, akilia na kucheka njia nzima. Jumatatu alilifunika kwa sinia la kuazima pale Soga, na kufikia saa saba mchana lilikuwa tupu.

Andikeni basi, enyi waandika tarehe, na wajukuu wasome: nyumba ilikwenda, shamba lilikwenda, pikipiki haijaonekana, bali sufuria lilirudi kwa mwenyewe. Na mfuniko uko Maneromango hadi leo, hauna cha kufunika.