Kichwa kwa Wilhelmina, Mkia kwa Ajwang

Alhamisi, 11 Machi 1999

Kwako mwanangu Jonathan, hujambo? Sisi huku Butimba hatujambo. Baba yako hajambo, goti tu ndilo linamsumbua akiinama. Suzana mdogo wako hajambo, anasoma, ila anasinzia juu ya kitabu. Bibi yako hajambo na anauliza kama huko Dar mnapata viazi vitamu. Jirani yetu Ajwang, mama Perez, hajambo, na mumewe, na watoto wao wote. Paskazia wa nyumba ya kona hajambo. Wilhelmina, mwenyekiti wetu wa akina mama kigangoni, sijamuuliza, lakini nimemsikia anaimba, kwa hiyo hajambo. Mbuzi amezaa.

Ulisema niandike kila siku tochi imefanya nini, bila kuficha, halafu nikutumie. Mimi kuandika najua barua tu, ndiyo maana nimeanza hivi. Nitanakili safi baadaye. Ya aibu nitayaruka.

Tochi imefika kwa treni, salama. Fupi kama gunzi, nyeusi, nzito. Inafunguka vipande vitatu: kichwa, mrija wa kuweka betri, na mkia wenye swichi. Vichwa viko viwili, kimoja cha balbu na kimoja hicho cha LED. Mikia miwili pia. Mrija mmoja tu. Kichwa cha LED hakina balbu, kina vijitaa kama punje za ulezi. Nilikiweka shavuni nikaona hakina joto hata kidogo. Nikajua kimekufa. Kumbe kinawaka, na Suzana analalamika namuunguza macho.

Nimeelewa maneno yako. Bwana Mihayo, mtu wa tajiri wako, atapita hapa Jumapili ya tarehe 21. Akiridhika, tajiri ataleta mzigo mkubwa, atafungua duka hapa Mwanza, na wewe ndiye utakayelisimamia. Yaani unarudi nyumbani. Leo hii hii nimetoa magunia ya mahindi chumbani kwako. Baba yako ameuliza yatakaa wapi. Yanakaa upande wake wa kitanda.

Ijumaa, 12 Machi

Nimejaribu maji. Ulisema haiingii maji. Nikaiwasha, nikaizamisha kwenye ndoo ya kunywa, nikaenda kuchuma mchicha. Sikumwambia mtu. Baba yako akaja na kikombe, akafunua ndoo. Alitoka nje bila viatu. Alisema amekaa na mimi miaka yote hii akivumilia mengi, lakini maji yenye mwezi ndani yake hanywi. Nikaitoa tochi, nikaikausha kwa khanga, inawaka kama kawaida. Baba yako bado anakunywa maji ya kwa Ajwang.

Jioni nikaenda nayo Njia ya Msalaba, ndani ya mkoba. Sikwenda kujionyesha. Tulipofika kituo cha tano umeme ukakatika. Katekista akanyamaza, kitabu hakionekani. Wilhelmina akaanza kupapasa kiberiti chake na mshumaa wake, kama kila siku, ili watu waseme asante mama mwenyekiti. Nikawasha. Kanisa zima likawa jeupe. Katekista akasema hakuna haja ya mshumaa, mama Jonathan amulike. Nilimulika mpaka kituo cha mwisho. Mara mbili tatu mkono ulichoka nikamulika uso wa Wilhelmina. Kwa bahati mbaya. (Hili nitaliruka.)

Jumamosi, 13 Machi

Kabla sijapika uji Paskazia amefika. Anaomba tochi, kuku wake anataga mvunguni mwa ghala na yeye haoni. Hajaondoka, Ajwang ameingia. Mumewe Jairo mtumbwi wake unavuja na hajui wapi, anataka kumulika ndani. Akafuata Wilhelmina. Yeye hakuomba. Alisema kitu kilichosaidia ibada ni cha jumuiya, na cha jumuiya hukaa kwa mwenyekiti.

Nimechanganyikiwa. Jirani humnyimi kitu, kesho utahitaji chumvi. Lakini ikipotea nitamwonyesha nini Bwana Mihayo? Nimekaa jikoni nikafikiri mpaka ugali ukaungua.

Ndipo nikakumbuka sanduku letu la michango ya akina mama. Lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo watu watatu. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Halijaibiwa hata siku moja. Sasa tochi nayo si vipande vitatu? Ni kama Mzungu aliyeitengeneza alilijua sanduku letu.

Nimegawa. Kichwa cha LED kwa Wilhelmina, maana asingekubali kingine. Mkia kwa Ajwang. Mrija ni bomba tupu, halina kitu ndani, nikampa Paskazia, ambaye husahau vitu. Kwangu kimebaki kichwa cha balbu na mkia wa pili. Atakayetaka kumulika atawaita wenzake, wataunganisha mbele yangu, wakimaliza kila mtu na chake.

Nimemweleza baba yako kwamba mwizi akiiba kichwa peke yake atakifanyia nini. Akauliza na mwenye tochi atakifanyia nini. Goti linamfanya awe mkali.

Jumanne, 16 Machi

Inafanya kazi vizuri sana mwanangu. Andika hili kwa herufi kubwa ukimwambia tajiri. Jana Paskazia alitaka kutafuta mayai. Akaja na mrija. Tukamtuma Suzana kwa Ajwang, naye alikuwa anaanika dagaa, tukamngoja. Akaja. Tukaenda kwa Wilhelmina, alikuwa anasukwa, tukangoja nywele ziishe. Tulianza asubuhi, tumemulika ghala jua likiwa linazama. Yai moja. Lakini tumekaa pamoja siku nzima, tumecheka, tumekunywa chai mpaka sukari ikaisha. Nani aliwahi kununua tochi akapata yote hayo?

Jambo dogo tu. Wilhelmina kichwa amekiweka kabatini kwenye glasi zake za wageni, juu ya kitambaa cha kufuma, na anawaambia watu ni tochi yake, vipande vingine amewaazima majirani. Na Paskazia amesema mkia wa Ajwang unanuka dagaa. Ajwang akamjibu kwamba unanuka kazi, yeye mrija wake hauwezi kunuka kitu maana haujui kazi. Nikawatuliza. Nilisema Kwaresima hii jamani, tusameheane. Wakasameheana, lakini kwa midomo.

Ijumaa, 19 Machi

Jairo ametoboa mtumbwi. Alichoka kungoja tochi iungane, akapapasa kwa kisu gizani. Ajwang hakunilaumu. Alisema tu kwamba kwao Mara tochi huwa ya mtu mmoja. Nikamwambia na kwao Mara si huibiwa? Akakiri huibiwa. Basi.

Jumamosi, 20 Machi

Mambo yameharibika. Kesho ndiyo siku ya Bwana Mihayo. Nimetengeneza chumba chako, nimepaka ukuta chokaa, nimechinja jogoo. Nikaenda kwa Paskazia kumwambia alete mrija mapema. Nyumba imefungwa. Majirani wanasema shangazi yake amefariki Usagara, ameondoka alfajiri na furushi. Nikauliza furushini kulikuwa na nini. Wakaniangalia kama nimeuliza urithi.

Nikaenda kwa Wilhelmina kumwomba basi kichwa, nikae nacho. Amekataa. Alisema utaratibu niliuweka mwenyewe, wote watatu wawepo ndipo kifunguliwe, na mwenyekiti hawezi kuvunja utaratibu. Nikamkumbusha kwamba kichwa ni cha mwanangu. Akasema ndiyo, lakini kabati ni lake.

Nimelia kidogo jikoni. Si kwa ajili ya tochi. Ni miaka sasa nakuandikia "utarudi lini" na wewe unanijibu "mama, nikipata nafasi." Nafasi yenyewe imeenda msibani Usagara ndani ya furushi la Paskazia. (Hili usilisome. Nitaliruka.)

Jioni akili imenirudia. Ulisema vipande vya tochi hii vinabadilishana. Sasa ile tochi ya bati ya baba yako, ya mawe mawili, yaani betri mbili, si tochi pia? Nimeikata kichwa kwa msumeno. Baba yako alikuwa bafuni.

Jumapili, 21 Machi

Bwana Mihayo amekuja baada ya misa. Kijana mpole, ana kitambi cha heshima, aliamkia hata bibi yako mara mbili. Wilhelmina amekuja na kichwa kwenye sahani, kimefunikwa kitambaa, kama anapeleka matoleo. Ajwang na mkia. Mgeni akauliza tochi iko wapi. Nikamwambia ndiyo hii inaingia.

Nikaleta bomba la bati la baba yako. Halikuingia. Nikalifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaweka karatasi ya fedha ya sigara ipitishe moto, nikabonyeza. Giza. Baba yako akaitambua tochi yake. Alisimama, akaketi. Nikampa mgeni paja la jogoo.

Akauliza kwa nini tochi moja inakaa nyumba tatu. Nikamweleza habari ya sanduku na kufuli, tangu mwanzo. Akaacha kula. Akasema hajawahi kusikia akili kama hiyo, na majirani wengine wanaonaje? Nikafurahi. Nikamwambia mtaa wote wanaipenda, mtaa wa chini wameanza kuuliza wajiunge. Wilhelmina, asiyetaka kupitwa, akadakia kwamba Butimba nzima ikijipanga hivi, kila mtu mwenye kipande chake, watu hawatahangaika kununua. Ajwang naye akasema Jairo keshafikiria hivyo hivyo kwa nyavu. Tulimweleza kwa furaha sana. Yeye akatikisa kichwa, akasema mama, nimeelewa kabisa.

Ametoka, gari linawashwa, Paskazia huyo anakimbia na furushi kichwani, amechukua usafiri wa kwanza kutoka Usagara. Mrija umo. Tukaunganisha pale pale dirishani kwa gari. Ikawaka mchana kweupe mgeni akafumba macho. Akasema ni tochi nzuri mno, itakaa miaka mingi mno. Alisema "mno" mara mbili. Leo nitalala kwa raha.

Jumatano, 24 Machi

Suzana amekwenda posta kukupigia simu, na amerudi na maneno yako. Kwamba tajiri amesema Mwanza bado. Mzigo anaupeleka Arusha, ambako kila mtu atanunua yake. Na wewe unabaki Dar.

Nilikaa kwenye kitanda chako mpaka chokaa ikanishika mgongoni. Baba yako akaja na goti lake, akaketi karibu, hakusema habari ya tochi yake ya bati. Alisema tu magunia yasirudishwe humu kwa sasa.

Mwanangu, nimechunguza kosa liko wapi na nimeliona. Kosa ni msiba wa Usagara. Watu watatu ni wachache, mmoja akifiwa kazi inasimama. Kwa hiyo tumekutana leo, tumeongeza mtu wa nne, mke wa katekista. Yeye tutampa betri. Mwambie tajiri asubiri kabla hajafunga mzigo wa Arusha, aje mwenyewe safari hii. Nitamweleza upya, taratibu, asiondoke mpaka ameelewa kwamba Mwanza yote itatosheka.

Wasalimie wote wanaokusaidia huko. Jibu haraka, ukiweza kwa dereva wa basi na si kwa posta, maana Wilhelmina anataka tugawe vipande upya Jumapili na mimi nataka niwaambie ni lini unakuja.

Ni mimi mama yako, Sabina Luhende.