Mfuko wa Ushindi na Meneja Wake

Jumatatu, 6 Mei
Leo historia imeandikwa katika duka letu la ushonaji, kati ya cherehani ya pili na ndoo ya vifungo. Nimechaguliwa Meneja wa Mfuko wa Ushindi. Mpiga kura: mimi. Wapinzani walikuwa wameenda kula.

Hoja yangu ni nzito. Fundi Mkuu anabeti mechi za mpira peke yake, analiwa. Mpiga Pasi anabeti peke yake, analiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa! Waniletee mimi pesa zao, niweke dau moja kubwa kwa akili moja kubwa. Akili hiyo ninayo. Ushindi ukija, asilimia kumi ni yangu, kwa uchovu wa ubongo.

Fundi Mkuu alitoa huku anacheka. Mpiga Pasi alitoa huku ananiuliza kama si mimi niliyetia vifungo pande zote mbili za koti la bwana harusi. Wivu hauna dawa.

Nyumbani mke wangu aliuliza mtu aliyeshindwa kusimamia soksi mbili atasimamiaje pesa za watu. Soksi ya pili ilikuwa bado haijaonekana.

Jumanne, 7 Mei
Tatizo dogo. Jumamosi Wekundu wanacheza na Kijani. Fundi Mkuu ameagiza pesa yake iende kwa Wekundu. Mpiga Pasi ameagiza yake iende kwa Kijani. Wote wameapa. Sasa dau moja kubwa litaelekea wapi?

Jioni, neema! Mama mkwe tunakaa naye, na macho yamemchoka kabisa. Juzi alimuuliza mwavuli habari za nyumbani kwake. Amenipa pesa zake zote za miwani nizipeleke duka la miwani, aichukue Jumatatu. Alisema ananiamini kuliko watoto wake. Machozi yalinilenga. Mama wa namna hii hastahili miwani ya kawaida. Anastahili fremu ya dhahabu!

Nikaziingiza kwenye Mfuko.

Jumatano, 8 Mei
Jibu limepatikana! Asubuhi waliingia mume na mke. Mume anataka suruali ndefu ifunike viatu. Mke anataka fupi. Fundi Mkuu hakubishana na mtu, akapima katikati, akakata. Wakaondoka wamenuna sawasawa, yaani haki imetendeka.

Nami nimekata katikati. Pesa zote nimeweka timu zitoke sare. Dada wa dirishani pale wanapopokea dau aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia sisi mafundi tunapima kabla ya kukata.

Mama mkwe aliulizia risiti ya miwani. Nikampa tiketi ya dau aipapase. Akaomba nimsomee namba yake. Tarakimu tisa. Nikasoma. Akaomba tena. Mara tano! Uzee nao. Nilisoma kwa upole, mkwe mwema.

Jumamosi, 11 Mei
Tulitazama mechi dukani, kwenye televisheni ya Fundi Mkuu. Dakika ya kumi Wekundu wakafunga. Fundi Mkuu akanikumbatia, akaanza kuniuliza atapata kiasi gani. Nikatabasamu kama mjusi aliyebanwa na mlango. Wekundu wakishinda, nadaiwa na Fundi. Kijani wakishinda, nadaiwa na Mpiga Pasi. Na miwani ya Mama je? Kwa kweli niliogopa. Tiketi niliifinyanga mkononi mpaka ikalowa jasho.

Dakika ya themanini na tisa Kijani wakasawazisha. Kipenga! Sare!

Niliruka peke yangu. Wote wakanigeukia. Nikawaeleza kwamba mimi hufurahia amani.

Wanaamini wameliwa. Nitawaambia ukweli? Wao waliagiza washindwe, na wameshindwa kama walivyoagiza. Kilichobaki ni jasho la meneja. Nimepanga kununua miwani ya Mama, na viatu vyangu.

Jumapili, 12 Mei
Meneja hapokei donge nono kwa karatasi yenye makunyanzi. Na dukani kwetu kitu hakimfikii mtu bila kupigwa pasi. Nikawasha pasi, nikaitandika tiketi vizuri, nikapiga.

Ikawa nyeusi tii. Haikuungua. Imegeuka nyeusi tu, kwa ukaidi! Nikaigeuza nipige upande wa pili, labda rangi itarudi.

Haikurudi.

Jumatatu, 13 Mei
Mama mkwe aling'ang'ania twende wote kuchukua miwani. Nikampitisha kwanza pale dirishani, nikamkalisha kwenye benchi. Dada wa dirishani aliishika tiketi kwa ncha za vidole. Akasema karatasi hizi zikipata joto huwa nyeusi zote, na bila namba hawezi kuitafuta kwenye mashine. Nilimsihi. Nilimwita dada, nikamwita mama, nikamwita mheshimiwa.

Nikarudi kwenye benchi, nikapiga magoti, nikamwambia Mama kila kitu. Miwani hakuna, risiti ilikuwa ya kubeti, na tiketi nimeipiga pasi. Nililia kweli. Yeye akainuka, akanishika mkono. Kisha akaomba nimpeleke dirishani, akamuuliza dada kama anaitaka ile namba.

Akaitaja yote. Tarakimu tisa, bila kukwama!

Alisema asiyeona huandika kichwani, ndiyo maana alinisomesha mara tano. Dada akabonyeza, akalipa. Nyuma yetu kwenye foleni mtu akapiga makofi. Alikuwa Mpiga Pasi. Amesikia yote, na hasa habari ya pasi.

Jumanne, 14 Mei
Mama mkwe amekuja dukani na miwani mpya. Amempa kila mtu haki yake. Asilimia kumi amempa mke wangu, na hakuna aliyepinga. Kisha akanitazama vizuri, juu mpaka chini. Akasema siku zote alidhani mimi ni mrefu.

Nimevuliwa umeneja. Mpiga Pasi ameitundika tiketi nyeusi ukutani, juu ya meza yake. Wacha wacheke.

Mchana alikuja yule mume wa suruali kuchukua mzigo wake. Nikamdokeza habari za Mfuko mpya. Akatoa! Mkewe naye akatoa, ila anataka timu nyingine. Hilo halinisumbui, nimeshajua pa kukata.

Na mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimekaa, nimechambua, nimeliona. Ile pasi niliiweka moto wa jinzi. Safari hii ni moto wa hariri.